Mtaala mpya: Ujuzi wa ng'ambo unavyosafiri hadi dawati la mwanao Mbulu na Hanang

Mtoto wa darasa la tatu anarudi nyumbani Dongobesh, wilayani Mbulu. Anasalimu, anaweka begi chini, kisha anatoa taarifa: kesho kila mwanafunzi apeleke shuleni punje 20 za mahindi, vizibo vitano vya soda na kipande cha kamba.

"Kwani mnajenga nini?" baba anauliza.

"Ni Hisabati, baba."

Baba anafungua daftari. Wiki nzima ina kurasa mbili tu. Enzi zake, kufikia mwezi kama huu, daftari lilikuwa limejaa hadi jalada la nyuma. Analifunga na kujiuliza kama siku hizi walimu wanafundisha au wanacheza na watoto.

Wazazi wengi wa Mbulu, Hanang na kwingineko nchini watajiona katika baba huyu. Mtaala umebadilika, njia za kufundisha zinabadilika, na mzazi aliyesoma kwa kunakili ubaoni anaona mambo asiyoyatambua.

Mwalimu huyo wa Dongobesh hakulibuni zoezi la punje za mahindi usiku mmoja. Alifundishwa, na aliyemfundisha naye alifundishwa na mwingine. Ukiufuata mnyororo huo kurudi nyuma, unaweza kukutana na mkufunzi wa ualimu aliyewahi kupanda ndege kwenda kusoma nje ya nchi. Hapo ndipo lilipo swali linalomhusu kila mzazi: alichojifunza mkufunzi huyo ng'ambo kinafikaje Haydom, Katesh, Basotu au Yaeda Chini? Na kinapofika, kimebaki kiasi gani?

KILICHOBADILIKA

Mtaala mpya wa elimu ya awali na msingi ulianza kutumika Januari 2024, kwa kuanzia na darasa la awali, la kwanza na la tatu. Umetokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Chini ya sera hiyo, elimu ya msingi ni ya miaka sita badala ya saba. Elimu ya lazima ni ya miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari.

Masomo nayo yamepangwa upya. Kiingereza, ambacho katika mtaala uliotangulia kilianza darasa la tatu, sasa kinaanza darasa la kwanza. Kuanzia darasa la tatu kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili.

Hata hivyo, badiliko linalomsumbua baba wa Dongobesh haliko kwenye orodha ya masomo. Liko kwenye namna ya kufundisha. Mtaala unataka mtoto ajenge umahiri: aweze kufanya jambo, si kulikariri tu. Mtoto aliyejifunza kugawanya anatakiwa aweze kugawa punje 20 kwa watoto watano na kueleza alivyofanya, hata kama hajaandika chochote.

Neno umahiri si geni nchini. Lilikuwamo katika mitaala ya mwaka 2005. Lakini walimu wengi waliipokea mitaala ile kabla ya kupata mafunzo ya kutosha, wakaendelea kufundisha kwa njia waliyoizoea. Vitabu vilibadilika, darasa likabaki vilevile. Watoto waliopita katika kipindi kile leo ni wazazi, na baadhi yao wana watoto darasa la kwanza.

MIKONO MINGI NJIANI

Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ndiyo inayoandaa mtaala, mihtasari na vitabu. Mafunzo huanza kwa wawezeshaji wa kitaifa, yakashuka kwa wakufunzi na wawezeshaji wengine, yakafika kwa walimu wachache kutoka kila shule, nao wakatakiwa kuwafundisha wenzao. Njia hii hutumika katika nchi nyingi kwa sababu haiwezekani kuwaweka walimu wote wa nchi katika ukumbi mmoja.

Tatizo lake linaeleweka kwa hesabu ndogo. Tuseme kila anayefundishwa hubaki na robo tatu ya alichoambiwa, na hicho ndicho anachompa anayefuata. Wa kwanza ana 100. Wa pili anapata 75. Wa tatu 56. Wa nne 42. Wa tano, ambaye ndiye mwalimu aliye darasani na mwanao, anapata kama 32. Huo ni mfano tu wa kupiga picha, lakini kila aliyewahi kutuma ujumbe kwa mdomo kutoka kijiji hadi kijiji anajua unavyofika.

Ndiyo maana mafunzo ya mkufunzi ni jambo zito. Akikosea yule wa juu, au akifundishwa kwa maneno matupu, kosa lake huteremka hadi kwa maelfu ya watoto.

WALIKOKWENDA KUSOMA

Kwa miongo kadhaa Afrika Mashariki imekuwa ikipeleka walimu na wakufunzi nje ili warudi kuwafundisha wenzao. Mifano mitatu inafaa kukumbukwa.

Wa kwanza ni Karachi, Pakistan. Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianzisha huko Taasisi ya Maendeleo ya Elimu, kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya Oxford na Toronto. Walimu kutoka Tanzania, Kenya na Uganda walikuwa miongoni mwa waliokwenda kusoma shahada ya uzamili ya miaka miwili. Lengo halikuwa wapate cheti na kuhamia ofisini. Walitarajiwa kurudi katika shule na kuwa walimu wa walimu. Baadaye, mwaka 2006, chuo hicho kilifungua taasisi ya aina hiyo Dar es Salaam, na walimu wa ukanda huu wakaweza kupata mafunzo kama hayo karibu zaidi na nyumbani.

Wa pili uko jirani, Nairobi. Mwaka 1998 Kenya na shirika la Japani la JICA walianza mradi wa SMASSE wa kuinua ufundishaji wa Hisabati na Sayansi katika sekondari, kwa kuanzia na wilaya tisa. Wakufunzi wa Kenya walikwenda Japani kuona wenzao wanavyoandaa somo. Mwaka 2003 mradi ukaenea nchi nzima, na baadaye ukagusa shule za msingi. Kituo chake cha Nairobi, kinachoitwa CEMASTEA, kikapokea wakufunzi kutoka nchi nyingine za Afrika, Tanzania ikiwamo.

Mradi huo ulikuwa na utaratibu rahisi wa kukumbuka: panga, tenda, tazama, boresha. Mwalimu anapanga somo, analifundisha huku wenzake wakimtazama, wanakaa pamoja kujadili, kisha analirekebisha. Vifaa vilivyokosekana vilitengenezwa kwa vitu vilivyopo. Mnyororo wenyewe ulifupishwa: wakufunzi wa kitaifa waliwafundisha wakufunzi wa wilaya, na hao wakawafundisha walimu moja kwa moja.

Wa tatu ni wa zamani zaidi. Katika miaka ya 1960 nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, zilishirikiana na wataalamu wa elimu wa Marekani katika mpango wa kufundisha sayansi shule za msingi kwa kutumia mchanga, wadudu, mbegu na maji. Katika mafunzo yake, walimu wenyewe walianza kwa kuchezea mchanga na kufuatilia wadudu kama watoto, ndipo wakafundishwa namna ya kufundisha.

Mtafiti Eleanor Duckworth alipewa kazi ya kupima mafanikio ya mpango huo nchini Kenya. Badala ya kuwapa watoto mtihani wa karatasi, aliwawekea vitu mbalimbali mezani na kutazama wangevifanyia nini. Watoto waliosoma katika mpango huo walifanya mambo mengi zaidi na yaliyohitaji fikra zaidi kuliko wenzao. Daftari zao zisingemwonyesha mzazi jambo hilo.

NGANO YA BASOTU

Watu wa Hanang hawahitaji kuelezwa sana kuhusu ujuzi unaotoka nje. Kwa zaidi ya miongo miwili, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, tambarare za wilaya hiyo zililimwa ngano kwa msaada wa Kanada. Yalikuwapo mashamba makubwa saba ya shirika la umma la NAFCO, yakiwamo Basotu, Setchet na Mulbadaw. Watanzania walipelekwa Kanada kusoma kilimo na ufundi, wakarudi kuendesha matrekta na mitambo ya kuvunia.

Ngano ilistawi. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, ambao ni Wadatoga, na waliona maeneo yao muhimu ya kulishia mifugo yakigeuka mashamba bila wao kushirikishwa. Mgogoro wa Mulbadaw ulifika hadi Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980.

Mashamba na shule ni vitu viwili tofauti, lakini funzo moja linahama. Waliosoma Kanada walijua kulima ngano, lakini kujua ngano hakukutosha kuwaambia nani anaishi pale na anaishi vipi. Mkufunzi anayerudi na mbinu za kufundisha kutoka Karachi au Japani naye anahitaji kwanza kumjua mtoto wa Hanang.

Safari hii pia Kanada imo. Imefadhili mradi wa kuimarisha elimu ya ualimu uliovigusa vyuo 35 vya ualimu vya serikali, kwa vifaa vya TEHAMA na mafunzo ya wakufunzi. Katika Mkoa wa Manyara, chuo cha serikali ni Mamire, wilayani Babati. Walimu wanaofundisha watoto wa Mbulu na Hanang wanatoka huko na katika vyuo vya mikoa mingine kama Monduli na Kinampanda.

LUGHA TATU KWA MTOTO MMOJA

Mkufunzi anayesoma nje husoma kwa Kiingereza. Akirudi, anafundisha walimu ambao watafundisha kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Na mwalimu akiingia darasani Mbulu, anakutana na watoto ambao nyumbani wanazungumza Kiiraqw. Hanang atawakuta wanaozungumza Kidatoga, na wengine Kinyaturu au Kiiraqw. Yaeda Chini wako watoto wa Wahadzabe, ambao lugha yao ina sauti za kualisha ulimi ambazo mwalimu mgeni hawezi hata kuzitamka.

Kwa hiyo mbinu moja hutafsiriwa mara mbili au tatu kabla ya kumfikia mtoto. Na mtoto wa miaka sita anayeanza darasa la kwanza Yaeda Chini anakutana na Kiswahili na Kiingereza kwa wakati mmoja.

Mafunzo ya ng'ambo yanaweza kumsaidia mwalimu hapa. Nchi nyingi zina uzoefu wa kufundisha watoto ambao lugha ya shule si lugha ya nyumbani: kutumia picha, vitendo, nyimbo na vitu halisi, na kumwacha mtoto azungumze sana kabla hajaandika. Mwalimu akifundishwa mbinu hizo na kuelekezwa namna ya kuzitumia kwa mtoto wa Kiiraqw au Kidatoga, mtoto anapata daraja la kuvukia. Akiachiwa kitabu peke yake, mtoto atakariri sauti asizozielewa.

MLIMA UKO DIRISHANI

Mkufunzi mzuri hujulikana kwa mifano yake. Desemba 3, 2023, siku ya Jumapili, maporomoko ya tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliuvamia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwamo Gendabi. Zaidi ya watu 80 walifariki dunia. Mwezi uliofuata mtaala mpya ukaanza kufundishwa.

Mtoto wa Katesh anayesoma Jiografia na Mazingira hahitaji mfano wa mlima wa Japani. Mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400 uko dirishani, na alama za tope zilikuwa kwenye kuta za nyumba. Lakini mwalimu wake anahitaji kufundishwa jambo gumu: namna ya kuzungumzia udongo, miti na mvua mbele ya watoto ambao huenda mmoja wao alipoteza mama au kaka. Jambo hilo halimo kwenye kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi nzima. Mkufunzi aliyesoma vizuri, popote aliposoma, humsaidia mwalimu kulipanga kulingana na watoto alio nao.

Kadhalika Mbulu. Wairaqw wanajulikana tangu zamani kwa kilimo cha uangalifu kwenye miteremko, hasa maeneo ya Kainam, wakilinda udongo na kutumia samadi ya ng'ombe. Somo la kutunza mazingira lina walimu wengi pale kijijini ambao hawajawahi kukanyaga chuo.

PALE MAFUNZO YANAPOFIA

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ujuzi wa kigeni mara nyingi umeponya, lakini si kila mara. Hisabati za kisasa zilizoletwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1960, kwa msaada wa wataalamu wa Marekani na Uingereza, ziliandikiwa vitabu katika warsha zilizoanza Entebbe mwaka 1962. Walimu wengi wa kawaida hawakuzielewa vizuri, na wazazi wakashindwa kuwasaidia watoto nyumbani. Kenya ilizifuta mwaka 1981 kwa tamko la Rais Daniel arap Moi. Kati ya warsha na darasa, kiini cha mbinu hizo kilikuwa kimepotea.

Tanzania yenyewe ina kumbukumbu nzuri zaidi. Baada ya Mwalimu Nyerere kutoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, serikali pamoja na UNICEF na UNESCO iliendesha mradi uliojulikana kama MTUU ili mageuzi hayo yafike shule za msingi. Mradi huo uliwatoa baadhi ya wakufunzi vyuoni na kuwapeleka kuzunguka shuleni, wakakaa na walimu na kuwasaidia pale walipokwama. Mkufunzi hakungoja mwalimu aje chuoni.

Kenya iliirudia hekima hiyo kwa njia ya kisasa ilipoanza mpango wa kusoma wa Tusome katika shule zote za msingi za umma mwaka 2015. Maofisa wa elimu walipewa tableti na kutakiwa kuingia madarasani, kutazama somo, kumsikiliza mtoto akisoma, kisha kumshauri mwalimu papo hapo. Usomaji wa watoto wa madarasa ya chini uliongezeka.

Mambo yaliyofanikiwa yanafanana. Mtu mwenye ujuzi aliufuata mlango wa darasa, tena zaidi ya mara moja. Semina ya siku chache mjini, hata ikiendeshwa na mtu aliyesoma nchi tano, haiwezi kufanya kazi hiyo peke yake.

Nchini sasa upo utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana kwa kifupi kama MEWAKA. Walimu wa shule moja au za kata moja wanatakiwa kukutana mara kwa mara katika jumuiya za kujifunza, kujadili mada ngumu na kutazamana wanavyofundisha. Utaratibu huo ukifanyika kweli, mwalimu wa shule ya mbali wilayani Hanang hahitaji kungoja semina ijayo. Ukifanyika kwa kusaini karatasi ya mahudhurio tu, mnyororo unakatika hatua chache kabla ya kumfikia mtoto.

MZAZI AFANYE NINI

Mzazi hawezi kumpeleka mkufunzi Pakistan, wala hapangi semina. Lakini yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wake.

Badilisha swali la jioni. Badala ya "umepata ngapi?" muulize mtoto, "leo mmefanya nini, na wewe umegundua nini?" Mwache akuonyeshe kwa punje au vijiti. Mtoto anayeweza kukueleza somo amelielewa, hata kama daftari lina kurasa mbili.

Mpe vifaa anavyotumwa. Punje, maharage, vizibo, mawe, kamba na makopo havina gharama. Mtoto asiyepeleka hukaa akiwatazama wenzake wakijifunza. Hata hivyo, shule ikidai vitu vya kununua kila mara, ni haki yako kuuliza katika kikao.

Zungumza naye lugha ya nyumbani bila aibu. Hadithi za bibi kwa Kiiraqw au Kidatoga humjengea mtoto msamiati na fikra ambazo atazihamishia kwenye Kiswahili na Kiingereza. Mhesabie ng'ombe kwa lugha ya nyumbani, kisha mrudie kwa Kiswahili.

Nenda kwenye mkutano wa wazazi na maswali matatu. Je, walimu wa madarasa yanayotumia mtaala mpya wamepata mafunzo yake? Walimu wa shule hii hukutana lini kujifunza pamoja? Mara ya mwisho nani aliingia darasani kumwona mwalimu akifundisha na kumsaidia? Uliza kwa heshima. Mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata wakijua wazazi wanafuatilia, ratiba hupata uzito.

Usinung'unike mwalimu akienda mafunzoni. Uliza tu nani anabaki na watoto, na akirudi atawashirikisha vipi wenzake.

Tumia simu uliyo nayo. TET ina Maktaba Mtandao ambako vitabu vya kiada hupatikana. Mzazi anaweza kuangalia mtoto wake anatakiwa kujifunza nini, na kusoma naye pale kitabu cha shule kinapogombaniwa na wengi.

Usimtoe shuleni msimu wa kulima au wa kuhamisha mifugo. Kufundisha kwa vitendo kuna ugumu huu: aliyekosa siku ya tendo hawezi kulipata kwa kunakili daftari la mwenzake.

MWAKA 2027 UNAKARIBIA

Kuna sababu moja zaidi ya kutochelewa. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza kumaliza elimu ya msingi darasa la sita, nao watamaliza mwaka 2027. Mwaka huohuo, waliokuwa darasa la nne mwaka 2024 watamaliza darasa la saba kwa mtaala wa zamani. Makundi hayo mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028.

Nyumba iliyo na watoto wanaofuatana mwaka mmoja itakuwa na wawili wa kidato cha kwanza kwa mpigo. Ada haipo katika sekondari za serikali, lakini sare, viatu, madaftari, chakula na hosteli kwa wanaotoka mbali ni gharama halisi, na huzidishwa kwa mbili. Mfugaji wa Hanang au mkulima wa vitunguu saumu wa Mbulu anaweza kuanza kutenga kidogo kidogo tangu sasa, badala ya kuuza ng'ombe kwa haraka Desemba 2027.

Zaidi ya fedha, watoto hao wawili watakaa darasa moja wakiwa wamelelewa na mitaala miwili. Mmoja atakuwa amesoma miaka saba, mwingine sita. Ikiwa walimu wa yule mdogo walipata mafunzo kamili na kusaidiwa darasani, mwaka mmoja uliopungua hautamdhuru. Ikiwa mafunzo yaliishia ukumbini, ataingia sekondari akiwa na upungufu ambao hakuusababisha yeye.

Baba wa Dongobesh anaweza kuanza usiku huohuo. Anachota mahindi kwenye debe, anamwita mtoto na kumwambia ahesabu mwenyewe 20. Kisha anamuuliza: mkiwa watano, kila mmoja atapata ngapi? Mtoto anazigawa sakafuni, punje moja moja. Akimaliza, baba anaongeza punje tatu na kumuuliza tena.